Komedi za Mapenzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tahadhari kabla ya yote: humu miisho inatajwa bila kificho. Majina ya filamu nimeyaacha yalivyo ili ukitaka kuzitafuta usihangaike.

Mwisho naujua tangu nilipoona bango. Kwa nini nipoteze saa mbili?

Ulipokuwa mdogo ulijua kabisa kwamba sungura atamshinda fisi, na bado ulitaka hadithi irudiwe kesho yake. Ulichokuwa ukisubiri ni hila ya safari hii. Komedi ya mapenzi nayo ni hivyohivyo. Bango likionyesha mwanamume na mwanamke wamegeuziana mgongo huku wanachunguliana kwa kona ya jicho, mwisho umeshauzwa pamoja na tiketi.

Swali linalobaki, na ndilo ninalojiuliza kila ninapokaa kuangalia, ni hili: huyu ataachia nini ili ampate yule? Wengine huachia kiburi, wengine uongo waliojijengea, wengine cheo. Filamu yenye jibu zuri la swali hilo unaweza kuiangalia mara kumi. Isiyo na jibu ni watu wawili wenye sura nzuri wanaosubiri dakika ya tisini ifike.

Nitaitofautishaje na filamu ya kawaida ya mapenzi?

Jaribu kuondoa kimojakimoja. Toa mapenzi; kisa kikiendelea kusimama, ulikuwa unaangalia komedi tu iliyopakwa mabusu. Toa vichekesho, kisa kikisimama, hiyo ni tamthilia ya mapenzi yenye utani kidogo. Katika komedi ya mapenzi hasa, kinachokuchekesha ndicho hichohicho kinachowasogeza karibu. Wakigombania siti ya basi, ugomvi ule ndio utongozaji wenyewe.

Nani alianzisha mambo haya?

Jukwaani ni ya kale. Mwishoni mwa karne ya 16, Shakespeare alishawaweka Beatrice na Benedick wakirushiana maneno makali katika Much Ado About Nothing, hadi marafiki zao wakawategea: kila mmoja akasikilizishwa, eti kwa bahati, kwamba mwenzake anamfia. Jane Austen akatoa riwaya ya Pride and Prejudice mwaka 1813, na tangu hapo mwanamume mwenye maringo anayehitaji kukataliwa kwanza ndipo apate akili hajakosa kazi hata siku moja.

Kwenye sinema, wengi hurejea It Happened One Night ya Frank Capra, ya mwaka 1934. Binti wa tajiri anajirusha majini kutoka kwenye boti ya baba yake, anapanda basi la usiku, anakutana na mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi. Safari inawalazimisha kulala chumba kimoja, na hawajaoana. Mwanamume anafunga kamba katikati ya vitanda viwili, anatundika blanketi, analiita kuta za Yeriko, zile za kwenye Biblia zilizoanguka kwa mlio wa tarumbeta. Basi. Wanazungumza gizani, kila mmoja upande wake, na blanketi lile linakuwa zito kuliko ukuta wa mawe. Mwisho wa filamu hata hatuonyeshwi sura zao: tunasikia tarumbeta, tunaona blanketi likianguka sakafuni. Filamu hiyo ilibeba Oscar zote tano kubwa, yaani filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na skripti. Hakuna komedi nyingine ya mapenzi iliyowahi kurudia hilo.

Katikati ya mwaka huohuo Hollywood ilianza kutekeleza kwa ukali kanuni zake za maadili, na zikakaa hadi 1968. Wanandoa wa kwenye filamu mara nyingi walilazwa vitanda viwili tofauti. Waandishi walipofungiwa chumba cha kulala, joto lote likahamia mdomoni. Ukishangaa kwa nini watu wa filamu zile za nyeusi na nyeupe wanaongea haraka namna ile, sehemu ya sababu ni hiyo.

Kwa nini wengine wanaendana na wengine, japo wazuri, wamekaa kama mbao mbili?

Watu husema damu zao zimepatana, wakaishia hapo kana kwamba ni bahati nasibu. Kuna kitu unachoweza kukiona kwa macho. Acha kumwangalia anayesema, mwangalie anayesikiliza. Mwigizaji anayesubiri tu zamu yake huonekana: macho yamelala, tabasamu limeganda. Anayesikiliza kweli, maneno ya mwenzake yanamfika usoni kabla hajajibu.

Tazama Roman Holiday ya William Wyler, ya 1953. Gregory Peck na Audrey Hepburn wamesimama mbele ya Mdomo wa Ukweli, ile sura ya jiwe iliyoko Roma ambayo husemwa kwamba humng'ata mkono mtu mwongo. Na wote wawili ni waongo. Msichana ni binti wa mfalme aliyetoroka, anajifanya mtu wa kawaida. Mwanamume ni mwandishi wa habari anayemwinda, anajifanya rafiki tu. Hepburn anasogeza vidole, anaogopa, anavirudisha. Peck anaingiza mkono wake, anapiga ukelele, anavuta, na mkono unatoka bila kiganja. Alikuwa amekificha ndani ya mkono wa koti, na hakuwa amemwambia Hepburn. Ukelele wa yule dada haukuigizwa. Anamrukia, anamvuta, akigundua amechezewa anampiga kifuani huku anacheka, na ghafla watu wawili ambao hawajaambiana neno moja la kweli wameshikana bila kufikiri.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwongozaji mzuri hutusikilizisha kikohozi kabla mgonjwa mwenyewe hajajijua.

Kasi ya maneno nayo inafanya kazi hiyo. Katika His Girl Friday (1940), Howard Hawks aliwaacha waigizaji wake waingiliane maneno, mmoja hajamaliza mwingine keshaanza. Kisa ni cha mhariri na mtalaka wake, mwandishi hodari aliyekuja kumwambia kwamba anaolewa na mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ni mpole, ana adabu, na kila akifungua kinywa wenzake wameshapita sentensi tatu mbele. Hakuna anayesema kwamba wale wawili wanafaana. Haihitajiki.

Je, ni lazima waigizaji wawe wanapendana kwa kweli? Hapana, ingawa hutokea. Waliocheza bwana na bibi harusi katika The Wedding Party ya Nigeria (2016), Banky W na Adesua Etomi, walioana mwaka uliofuata.

Kikwazo kizuri kikoje?

Kinatoka ndani ya mtu. Mvua, ndege iliyoahirishwa na ufunguo uliopotea vinachelewesha tu.

Chukua The Shop Around the Corner ya Ernst Lubitsch (1940). Wauzaji wawili wa duka moja mjini Budapest hawapikiki chungu kimoja. Wakati huohuo kila mmoja anaandikiana barua na mtu asiyemjua, na ameshampenda kwa maandishi. Umeshaelewa. Jioni ya kukutana mkahawani, mwanamume roho inamdunda, anamwomba rafiki yake wa dukani achungulie dirishani kwanza. Rafiki anachungulia, anaona, anaanza kuzunguka mbuyu: ni mzuri, ndiyo, ana kitu kidogo kama cha yule binti wa dukani. Kama yule humpendi, nakwambia mapema, na huyu hutampenda.

Kuanzia hapo mwanamume anajua, mwanamke hajui, na sisi tuliojua tangu mwanzo tunashika roho mkononi. Ona kilichotokea kwa kikwazo. Mwanzoni kilikuwa ni kutofahamiana. Sasa kimekuwa swali gumu zaidi: je, huyu bwana mkali wa dukani ataweza kuwa, mchana kweupe, yule mtu mwema anayemwandika kwenye karatasi? Nora Ephron aliichukua hadithi hiyo mwaka 1998 akaitilia barua pepe, ndiyo You've Got Mail. Alibadilisha mji, biashara na teknolojia. Rafiki anayechungulia dirishani hakumgusa.

Hata kikwazo cha nje kinaweza kugeuzwa kikawa cha ndani. Katika Dilwale Dulhania Le Jayenge (1995), baba amekwishamwahidi binti yake, Simran, kwa mtu mwingine. Mama anawapa wapenzi vito na kuwasihi watoroke. Njia iko wazi! Raj, mpenzi wake, ndiye anayekataa. Anataka apewe mkono wa Simran na baba mwenyewe. Hivyo, pale stesheni mwishoni, baba anapofungua vidole na kumwachia binti akimbilie treni, anayeachia kitu ni mzee. Filamu ilianza kuonyeshwa ukumbi wa Maratha Mandir, Mumbai, mwaka 1995, na ikapitisha miaka 25 bado iko kwenye ratiba.

Kikwazo kibovu nacho kina kipimo chake: kama simu moja ya dakika mbili ingemaliza ugomvi, mwandishi amekuibia. Anamkuta amekumbatiana na mwanamke, ni dada yake, anaondoka mbio, na kwa nusu saa nzima hakuna anayeuliza. Hapo mimi huenda kunywa maji, na filamu siisimamishi.

Mbona kila mara kuna anayedanganya?

Uongo ni njia ya mkato ya kumpa mhusika kitu cha kuachia. Ila kuna uongo na uongo. Katika Some Like It Hot (1959), wanaume wawili wanavaa kike na kujiunga na bendi ya wanawake kwa sababu wameshuhudia mauaji na wahalifu wanawasaka. Unawasamehe kabla hawajamaliza kupaka rangi ya midomo. Uongo wa dau, ule wa kubishana na wenzako kwamba fulani utampata, ni kazi nyingine. Filamu nyingi huuuza msamaha wake kwa bei ya kutupa: hotuba moja, ua moja, yameisha. Ningependa kumwona aliyedanganywa akikasirika kwa muda mrefu kidogo.

Rafiki wa stelingi ana kazi gani zaidi ya kuchekesha?

Anasema tunachofikiria sisi. Stelingi hawezi kujiambia ukweli, basi kuna mtu wa kumwambia, na kwa kuwa huyo hana cha kupoteza anaruhusiwa kusema vibaya. Rafiki mbovu ni yule asiye na maisha yake, anayeishi kusubiri simu. Rafiki bora kuliko wote niliowaona yuko kwenye My Best Friend's Wedding (1997): Julia Roberts anakosa mwanamume aliyekuwa akimpigania filamu nzima, na anayekuja kumchezesha dansi ya mwisho ni rafiki yake George. Ni mwisho wa furaha, na bwana harusi hayumo.

Na yule mchumba wa kwanza, anayeachwa?

Asifanywe shetani. Akiwa mkatili, kumwacha hakugharimu chochote. Katika Sleepless in Seattle (1993), mchumba wa Meg Ryan ana kosa moja tu, mzio wa kila kitu, na anapoambiwa ukweli anaachia kwa heshima hadi unamwonea huruma.

Je, hizi filamu hazifundishi watu kumfuatafuata mtu aliyekataa?

Baadhi ndiyo, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu anayesimama nje ya nyumba ya mwanamke usiku, anayechimba habari zake, anayemfuata kazini baada ya kuambiwa basi: zima muziki, kisha uangalie tena. Mara nyingi kilichokuwa kitamu ni muziki.

Mfano unaogawa watu ni mabango ya Love Actually (2003). Mwanamume anagonga mlango wa rafiki yake mkubwa, anafungua mke. Anawasha nyimbo za Krismasi ili mume aliye ndani adhani ni waimbaji wa mtaani, kisha anageuza bango mojamoja kumwambia yule mke kwamba anampenda. Wapo wanaotokwa na machozi. Mimi namwona mtu aliyemtwisha mwenzake siri ya kulala nayo, usiku wa sikukuu, mume yuko hatua kumi.

Ninachopima ni nafasi ya kusema hapana, na kinachofuata baada ya hapana hiyo. Darcy wa Pride and Prejudice anakataliwa waziwazi na Elizabeth. Anaandika barua moja ya kujieleza, anaondoka, na baadaye anaiokoa familia ya mwanamke huyo akitaka jambo hilo lisijulikane. Anapomwomba tena, anasema wazi kwamba neno moja lake litamnyamazisha daima. Hapo nampigia makofi.

Kwa nini mwishoni lazima mtu akimbie?

Kwa sababu amechelewa kuelewa, na mwili unajaribu kulipa deni la kichwa. Mbio zenyewe ni bei rahisi; angalia anayekimbia ameacha nini nyuma yake. Katika The Apartment ya Billy Wilder (1960), usiku wa mwaka mpya, Fran anaacha kiti chake mezani pembeni ya bosi tajiri ambaye yeye mwenyewe alimsubiri muda mrefu. Bosi anageuka, kiti ni kitupu. Anakimbia barabarani, uso umewaka, na akiwa ngazini anasikia mlio kama wa bastola kutoka chumba cha Baxter, mtu aliyewahi kumsimulia kwamba zamani alijipiga risasi kwa sababu ya mapenzi. Anagonga mlango kama kichaa. Baxter anafungua, shampeni inamwagika mkononi. Kumbe ni kizibo.

Ni lazima wabaki pamoja?

Mimi nasema hapana, wazalishaji wengi watasema ndiyo. Roman Holiday inamalizika kwa binti wa mfalme kurudi kwenye wajibu wake na Peck kutembea peke yake katika ukumbi mtupu, na hakuna anayeiita filamu ya huzuni. Kila mmoja aliachia kitu kwa ajili ya mwingine: yule uhuru, huyu habari ambayo ingempa fedha.

Kwa upande mwingine, When Harry Met Sally (1989) awali iliandikwa wawili hao wakiachana. Mwongozaji Rob Reiner alikuwa ametalikiana na hakuona namna nyingine. Wakati wa kurekodi akakutana na mwanamke ambaye baadaye alimwoa, akabadilisha mwisho. Nashukuru, maana hotuba ya Harry usiku wa mwaka mpya imejengwa kwa vitu vidogo tulivyovichoka na kuvizoea filamu nzima, pamoja na jinsi Sally anavyotumia saa moja na nusu kuagiza sandwichi tu. Hamwambii ni mzuri kama malaika. Anamsomea orodha ya kero zake, na kila kero ni ushahidi kwamba miaka yote hiyo alikuwa akimwangalia. Akipenda, chongo huita kengeza. Harry anaiona chongo ni chongo na anaitaka hivyohivyo.

Nje ya Hollywood nianzie wapi?

Korea Kusini, My Sassy Girl (2001), iliyotokana na visa ambavyo mtu alivitundika kwenye intaneti. Nusu ya kwanza utacheka hadi mbavu ziume kwa jinsi yule dada anavyomwonea kijana wa watu. Nusu ya pili utagundua alikuwa anaomboleza muda wote, na utatamani kuirudia nusu ya kwanza ukiwa na macho mapya. Ufaransa, Amélie (2001), kwa anayependa rangi na ukimya. Nigeria, The Wedding Party, kwa anayependa kelele: harusi moja, siku moja, familia mbili zisizotazamana usoni.

Mbona kumbi za sinema hazina hizi filamu kama zamani?

Ni hesabu. Zilikuwa filamu za bajeti ya kati, na sehemu kubwa ya faida yake ilitoka kwenye mauzo ya DVD. Soko hilo lilipokufa, studio zikaona heri kuweka fedha kwenye mashujaa wanaoruka, na mapenzi yakahamia kwenye majukwaa ya mtandaoni. Hamu ya watu haikufa. My Big Fat Greek Wedding (2002) ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 5 na kuingiza zaidi ya milioni 350. Crazy Rich Asians (2018) ilivuka milioni 230, na Anyone But You (2023), yenye mizizi kwa Beatrice na Benedick walewale, ilipita milioni 200. Kila mara magazeti huandika kwamba komedi ya mapenzi imefufuka, kana kwamba watu walikuwa wameacha kupendana katikati hapo.

Mwenzangu anasema ni za wanawake. Nimwekee ipi?

Usimwambie ni ya aina gani. Weka Some Like It Hot, nyamaza, subiri.

Wewe unayoirudia ni ipi?

The Apartment. Baxter ni karani anayewaazima mabosi funguo za nyumba yake ili walete wanawake wao, na kwa ukarimu huo anapandishwa cheo. Siku moja anaokota kioo kidogo cha mkobani kilichosahaulika kwake, kimepasuka, anamrudishia bosi mkuu. Hajali ni cha nani.

Halafu inafika sherehe ya Krismasi ofisini. Amenunua kofia mpya ya kuendana na cheo kipya, anataka kujua imemkaa vipi. Fran, dada wa lifti ambaye Baxter anampenda kimyakimya, anafungua mkoba na kumpa kioo ajitazame. Baxter anakishika, anarekebisha kofia, kisha anaona sura yake imegawanyika vipande viwili. Anamwambia kioo kimepasuka. Fran anajibu kwamba anajua, anakipenda hivyo, kinamwonyesha jinsi anavyojisikia. Hakuna anayepandisha sauti. Nje ya mlango wenzao wanaimba na kulewa. Baxter bado ana kofia kichwani, na ni kofia nzuri kweli.